Besi ya Kaka Mniko

Jumatatu, 1 Agosti 1994 — Kamunyonge

Mkoa mzima wa Mara ulikuwa na watu wawili tu wanaoijua sauti: mimi, na mzee mmoja aliyenifundisha Dar. Yule mzee alishakufa. Nimebaki peke yangu. Siandiki hivi kujisifu—daftari hili halina msomaji—naandika kwa sababu ndivyo ilivyo.

Leo nimekaa sokoni Mwigobero na betri zangu na kanda zangu, biashara imelala. Watu bado wanaogopa samaki tangu maiti za Rwanda zilipoingia ziwani, na asiyeuza samaki hanunui kanda. Mara akaja dereva wa lori la pamba na ujumbe wa shemeji Boke, mke wa kaka yangu Mniko: nifike Butiama haraka, kaka ananitaka kwa shauri la spika. Kaka anaumwa kifua mwaka wa pili huu. Lakini hakutaja kifua. Spika! Nilimwomba dereva arudie, maana wauza dagaa wa upande wa pili walikuwa hawajasikia vizuri.

Wana haki ya kuniita. Miaka saba nilikuwa redio, Dar es Salaam. Hakuna mtangazaji aliyeingia studio bila kupita kwangu. Hata mkubwa wao alinisalimia kwanza, ndipo nikafungua.

Mke wangu Pelagia anasema nisivae ile suti ya Dar, suruali yake imechoka, itaniaibisha. Nimemwambia mtaalamu haendi kazini na suruali ya shamba. Pelagia haelewi mambo ya kazi.

Jumatano, 3 Agosti — Butiama

Kaka amekwisha. Nilimwacha Pasaka akitembea mpaka zizini, leo anabebwa kwenda chooni. Mikono imekuwa kama ya mtoto, vichwa vya mifupa tu vinaonekana.

Na masikio yamekufa. Zile sindano za kifua—miezi miwili, kila siku moja—zilimpa nafuu kidogo ya kikohozi, zikachukua masikio. Anasema kwanza alisikia nyuki kichwani. Kisha hata nyuki wakaondoka. Sasa anaongea kwa kupiga kelele kama mtu wa ng'ambo ya mto, na sisi tunamjibu kwa kuandika. Nimechana karatasi nne za daftari hili. Ndiyo maana ukurasa unaofuata haupo.

Ni mtu aliyepiga litungu, kinubi chetu cha nyuzi, kuliko wote, kuanzia hapa mpaka Bunda. Alifundishwa na wajomba zetu wa Tarime, upande wa mama. Litungu lenyewe linaning'inia ukutani juu ya kichwa chake, panya wamekula nyuzi. Hata zingekuwepo, vidole havina nguvu.

Ila kuna kanda. Niliirekodi mimi mwenyewe mwaka themanini na tatu, harusi ya Ghati, binti yake. Kaka alipiga tangu asubuhi mpaka wakwe wakasahau kuondoka. Kanda hiyo Boke anaitunza ndani ya soksi.

Sasa shauri lenyewe. Wiki iliyopita kaka alijiwekea kile kiredio changu cha zamani kifuani, kanda ikizunguka. Hakusikia kitu. Halafu akasema kuna kitu kimegusa mbavu. Kidogo sana. Leo amenieleza mwenyewe, kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe:

"Ni ule uzi mnene, Bernado. Huo tu ndio bado unanigongea mlango. Nitafutie spika yenye chini kabisa. Nataka harusi ya mwanangu mara moja, halafu basi."

Nikaandika: ITAPATIKANA. Nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Hela ndiyo hakuna. Kaka akasema liuzwe dume. Nyumbani kwetu mtu akiugua sana anawekewa dume lake. Halifungwi jembe, halichinjwi sikukuu. Linamsubiri. La kaka ni jeusi lenye baka jeupe begani, na zizi linatazamana na dirisha lake. Kasema kila asubuhi wanaangaliana, yeye na matanga yake, amechoka kuangaliwa.

Baba mdogo Wanzagi, ndiye mkubwa wetu wote hapa nyumbani, aligoma. Akauliza siku yenyewe ikifika watu watatafuna nini.

"Watatafuna spika? Au tuwapikie maneno ya Bernado? Hayo yapo ya kutosha kata nzima."

Watu wakacheka, hata Boke. Kaka hakusikia, akacheka kwa kuwaona wenzake. Watajua tu.

Ijumaa, 5 Agosti

Dume limeuzwa mnadani. Bei sitaiandika. Wanzagi alikataa kwenda kulisindikiza.

Kesho Bunda. Yuko kijana mmoja, Pastory, ana banda la video karibu na stendi. Siku hizi ruksa kila kitu, mizigo inashuka mpakani Sirari kama mvua. Zamani tulipanga foleni ya sabuni, leo mtu anachagua mtikisiko! Nasikia Pastory ana masanduku mawili mapya ya sauti na anauza moja. Kaka amenishika mkono wakati wa kuagana. Kasema nichague vizuri maana dume ni moja.

Jumamosi, 6 Agosti — Bunda na kurudi

Ushindi.

Niandike kwa utaratibu. Nilipanda lori la pamba alfajiri, nikakaa juu ya marobota. Nilipofika nikavua koti nikalifunga kiunoni, mikono yake mbele. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya mafundi wa Dar kwenye joto. Bunda hawajawahi kuona, walinikodolea macho.

Banda limejaa watu. Pastory aliposikia mimi ni nani alisimamisha sinema. Waliokuwa wamelipa walinung'unika, lakini nilipowaeleza kuhusu redio wakatulia. Niliwasimulia siku ile mtambo mkuu ulipokufa na taifa zima likawa kimya, na mimi nikaingia na bisibisi moja. Mmoja akauliza ilikuwa mwaka gani. Wapo watu wa namna hiyo kila mahali.

Masanduku ni haya. La kwanza: refu kama kabati, spika nne, wavu wa chuma, taa nyekundu zinazocheza. La pili: fupi, zito, kama sanduku la misumari. Halina uso. Spika yake imegeukia chini, inatazama sakafu! Pastory anasema hilo ndilo linaitwa sabwufa, kwamba Wazungu wanaliweka chini ya sebule zao wakiangalia sinema za vita.

Nikachagua kama anavyochagua mtu anayejua mifugo. Nililipiga kabati makofi ubavuni—likaitika, kifua kizuri. Nililipiga la pili—dundu. Kama kuku anayeatamia. Pastory akaweka sinema ya helikopta. Kabati lilinguruma mpaka watu wakainama vichwa. Akahamishia la pili. Kimya. Yaani sauti ya mbali kama mtu anaburuta gunia nyumba ya jirani.

Nikasema hili halisemi. Pastory akajibu bila haraka:

"Hili husikii kwa masikio, mzee. Inama uweke kiganja sakafuni. Halafu uniambie."

Watu wote wananiangalia mimi. Nilikuwa nimesimama mgongo ukutani, na hapo nikabaki. Mtaalamu hainami kama anayetafuta siafu. Nikamwambia kijana, kule Dar tulikuwa tunapima kwa sikio, na sanduku lisilosema ni ubao wa kuni. Akarudia tena, weka tu mkono. Nikamwambia anifungie kabati.

Akanifungia na amplifaya ya gari. Betri nimeazima kwa dereva. Lori limerudi na mimi juu kabisa nimekaa, kabati limesimama mbele yangu. Njia nzima watu wanapunga mikono. Nikapunga na mimi.

Jumapili, 7 Agosti — Butiama

Watu walikuja baada ya kanisa, ua mzima. Nikaunganisha nyaya mwenyewe. Taa nyekundu zikacheza, watoto wakapiga kelele. Nikaweka kanda.

Ilisikika mpaka barabarani. Litungu la kaka, wanawake wa mwaka themanini na tatu wakipiga vigelegele, na wengine wao wamekufa. Mama yetu yumo mle. Boke aliziba mdomo na khanga. Wanaume walianza kurusha mabega. Hata Wanzagi mguu wake ulikuwa unakwenda, nilimwona.

Kaka tulimkalisha kwenye kiti, ubavu umeegemea kabati, viganja viwili juu ya wavu. Alifumba macho. Tukangoja. Akafumbua, akatuangalia tunavyocheza. Akaangalia nyaya. Akauliza kwa sauti kubwa, juu ya muziki wote ule:

"Bado hamjawasha?"

Nimeandika hilo. Sina lingine leo.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimewaeleza kwamba spika mpya haiamki siku moja. Lazima ikae siku tatu, nne, mbao zizoee hewa ya mahali. Hata redio Dar tulikuwa tunazilaza kwanza. Wote wameitikia isipokuwa Wanzagi. Yeye kauliza kama inakula pumba au majani.

Jumanne, 9 Agosti

Nimelisogeza kabati karibu na kitanda. Kaka kaweka sikio, kaweka paji la uso, mwisho kaweka meno kwenye ubao. Anasema kuna mtekenyo-mtekenyo kama wa nzi, lakini ule uzi haumo. Anataka chini. Hataki kelele. Karatasi mbili nimechana kumweleza habari ya mbao kuzoea hewa. Alisoma, akanirudishia.

Jioni alikohoa damu, nusu bakuli. Ghati amefika kutoka Mugango alikoolewa.

Jumatano, 10 Agosti

Ningeweza kurudi Bunda leo. Lori lilipita. Nilikuwa nimekaa barazani, nikaliangalia likipita. Mtu akirudisha kitu alichokichagua mbele ya banda zima, atasema nini? Kesho mbao zitakuwa zimezoea.

Alhamisi, 11 Agosti

Boke aliniita nyuma ya ghala. Sijawahi kumsikia akiongea nami hivyo, na ni mwanamke aliyenipikia mimi na kaka tangu nikiwa sijaoa. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Shemeji, mimi sikuulizi mambo ya Dar. Sijawahi kukuuliza, na mwenzangu Pelagia alishaniambiaga muda mrefu tu. Ninachokuuliza ni kimoja. Kuna nyingine uliiona kule ikakupita?"

Nikasema ipo. Akasema basi nenda.

Pelagia alimwambia nini? Lini?

Ijumaa, 12 Agosti — Bunda

Nimefika na kabati. Banda limefungwa kwa kufuli. Jirani anasema Pastory kaenda Sirari kufuata kanda, atarudi kesho. Nimekaa mlangoni na kabati langu kama mtu aliyefukuzwa nyumba. Wapita njia wananiuliza kama kuna disko.

Nimevaa suruali ya shamba.

Niliondoka kaka amelala. Nilimwandikia karatasi nikaiweka kwenye kiganja: NAKUJA NA YA CHINI KABISA. Hakukifunga kiganja. Boke akakifunga.

Jumamosi, 13 Agosti

Pastory karudi saa tano. Nilikuwa nimeshapanga hadithi: kabati lilipigwa na radi, mtaalamu mmoja wa Mwanza ameshauri hivi na hivi. Aliangalia kabati, akaniangalia mimi, akafungua mlango. Sanduku la misumari lilikuwa palepale. Hakuna aliyelitaka. Akanibadilishia bila kuomba hata nauli.

Akasema tu, "Nilikwambia uweke mkono, mzee wangu." Walikuwepo watu wawili watatu, nao walisikia.

Lori la leo lilipasuka tairi Bunda hapohapo, tena mara ya pili njiani. Nimefika nyumbani jua limezama. Kaka hajafumbua macho tangu jana mchana. Ghati anamlowesha midomo kwa pamba. Boke amesema tungoje asubuhi, huenda akaamka, tusimshtue.

Jumapili, 14 Agosti — Butiama

Hajaamka.

Pumzi ipo. Inakuja, inakaa, unafikiri imekwisha, inakuja. Wanzagi ametuma watu kutafuta dume la mkopo kwa ukoo wa Nyamhanga. Alinieleza polepole, hakunitania. Hilo limeniogopesha kuliko yote.

Boke akasema tuweke hata hivyo. Nikalisukuma sanduku chini ya kitanda cha kamba, uso wake ukatazama udongo. Nikaunganisha betri, nikaweka kanda, nikafungua sauti mpaka mwisho. Kwenye kiredio litungu linasikika jembamba, kama liko ndani ya chupa. Kwenye sanduku, kimya. Watu mlangoni wakaangaliana.

Boke akauliza kama imewaka kweli. Akaniambia niweke mkono chini nihakikishe, mimi ndiye fundi.

Nikapiga magoti. Nikaweka kiganja.

Imo. Inatoka ardhini, inapanda kiwiko, inakaa hapa juu ya tumbo. Ule uzi mnene, mmoja mmoja, kama kaka anatembea chini ya nyumba. Vumbi kwenye miguu ya kitanda lilikuwa linaruka. Ghati naye akapiga magoti, akaweka mikono miwili, akaanza kulia bila sauti. Boke akaweka. Mwisho hata Wanzagi, mzee wa miaka sabini na zaidi, akashuka kwa fimbo yake, akaweka mkono udongoni. Tulikuwa wanne chini pale kama wapanda mbegu.

Ghati ndiye aliyeniuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Baba mdogo. Na kule Bunda si ungeweka mkono hivihivi?"

Nilimwambia sakafu ya Pastory ilikuwa na mafuta ya taa.

Sasa ni saa tisa mchana. Upande wa kwanza wa kanda umekwisha, nimegeuza wa pili. Betri inaanza kuchoka, ninaijua kwa mwendo wa litungu. Kidole kimoja cha kaka kinatikisika juu ya blanketi. Boke anasema anapiga, anasema ndicho kidole cha uzi ule. Mimi naona kitanda chote kinatikisika, kwa hiyo sijui. Wamenikalisha upande wa kichwa, ndiyo maana naandika hapa, nimeweka daftari juu ya goti.

Hadithi ya mafuta ya taa ni uongo. Na wala sikuwa na kiburi kiasi hicho. Asubuhi ile, nilipokuwa napanda lori, nilikanyaga tairi, nikanyoosha mguu, na suruali ya Dar ikapasuka nyuma, kuanzia mkanda kwenda chini. Ndani sikuvaa kitu. Chupi yangu moja tu iliyo nzima ilikuwa imeanikwa kwenye kamba, Kamunyonge. Banda lilikuwa limejaa watu, koti lilikuwa linaficha nikiwa nimesimama tu. Ndiyo maana sikuinama.